Maranda

Nilipoulizia rabo, Hasnain alidhani natania.
"Hapa yaitwa randa," akanionyesha mpya,
bati tupu, jepesi kama kifuniko cha sufuria.
Nikaaga.

Shimanzi wakaniapia mbao ni kavu.
Nikaugonga ubao kwa kifundo cha kidole:
haukuitika.
Mti mbichi haudanganyi. Mwenye kuuuza, je?

Miezi saba hiyo, droo zangu zikifura kwa unyevu,
wateja wakizivuta kwa mguu ukutani.

Kisha Kuze, nyumba yabomolewa.
"Kuni tu hizo," asema Mwanakombo, "zitoe uani."
Boriti tatu za mbambakofi!
Nikakwangua vumbi kwa ukucha: wekundu, kama jana.
Nikamlipa bei ya mbao, si ya kuni.
Akanitazama kama mwehu.

Na Kongowea, chini ya vyuma chakavu,
randa ya mti, kishikio kimelika
palepale gumba langu linapokaa.

Jana nimenoa, nimepiga randa hadi usiku.
Mtoto wa jirani akaokota msokoto mmoja,
akauvaa bangili.
"Fundi, haya kwenu Kalemie mwayaitaje?"
Nikafungua kinywa nimwambie.
Likatoka la hapa.