Kitambaa cha Macho

Mulika-mwizi ya Pipeline haizimwi.
Inapenya pazia, inanifuata hadi kitandani,
na kila nikifumbua jicho
ndoto inatoroka kama mchuuzi aliyeona kanjo.

Kemuma, fundi wa ghorofa ya chini,
akanishonea kitambaa cha macho
kwa mfuko wa koti la marehemu baba
na lastiki ya soksi.

Usiku wa kwanza, jasho tu.
Wa nne nikaamka gizani, nikatulia,
sikugeuza hata shingo:
ndoto ilikuwa bado imeketi ukingoni mwa kitanda,
inafunga kamba za viatu.

Baba. Anahesabu chenji,
ananiuliza kama maji yamerudi.

Yamerudi, nikamwambia.

Nikavua kitambaa.
Jikoni, mfereji ulikohoa hewa.