Upande wa Bawa Lililoinama

Wamezima hita kwa makusudi.
Hewa ya moto, wanasema, hupanda na kuyumbisha,
basi sote tumo ndani ya makoti, Januari, Wrexham,
mvua inachapa bati la ukumbi wa shule
na juu, kwenye vyuma vya dari,
kuna mpira wa vinyoya ulionasa tangu sijui muhula gani.

Ndege yenyewe gramu thelathini na tano.
Nimeipima kwa kiganja: nyepesi kuliko andazi,
sponji ngumu ya namna ile ya visinia vya nyama dukani,
ufito mweusi, pangaboi la kitoto,
betri kama kokwa ya tende.
Nina miaka hamsini na miwili. Kazini nainua watu wazima,
nawageuza kitandani saa tisa usiku wasipate vidonda.
Mikono hii imezoea uzito.
Leo haijui ikae vipi.

Mwalimu wangu ni Nesta, miaka kumi na mitatu,
vyuma kwenye meno, soksi zisizofanana.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema wa kwetu;
huyu mbichi ndiye anayenikunja mimi mkavu.
"Kijiti hiki mwendo. Hiki kupinda. Usikibane.
Kishike kama yai lililokwisha kumenywa."

Anaiachia.
Ikinipa mgongo, inanitii:
kushoto ni kushoto, kulia ni kulia,
nacheka peke yangu, nani angeamini!
Kisha ukuta. Naipindisha, inageuka,
sasa inanijia uso kwa uso
na dunia imekuwa fulana iliyovaliwa ndani nje:
nikienda kulia inakwenda kushoto,
nikirekebisha naharibu,
nikizidi kurekebisha nazidi kuharibu,
mpaka pwaa! kwenye ngazi za mazoezi.

"Imeanguka," nasema, kwa Kiswahili, na nafsi yangu.

Emrys anakuja na utepe wa gundi.
"Hakuna ndege humu isiyo na kiraka," anasema,
ananionyesha yake, imebandikwa na kubandikwa
hadi rangi ya kwanza haijulikani.

Mara ya pili, nguzo ya kikapu.
Mara ya tatu, flaski ya chai ya watu.

Nesta hacheki. Anavuta koti.
"Ikikujia, sahau kulia na kushoto.
Tazama bawa lililoinama.
Peleka kijiti upande huohuo,
kama unaliegemezea gogo lisidondoke."

Mwaka juzi nilirudi Korogwe, baada ya miaka kumi na tisa.
Wakati wa kuondoka kila kitu kilinitii.
Kurudi, nilimpa dada mkono, alitaka kukumbatiwa;
nikamkumbatia mjomba, akabaki kama mlango.
Nililipa palipotaka shukrani,
nikashukuru palipotaka kulipa.
Wote walikuwa wananitazama usoni
na mimi nilikuwa nahesabu kulia, kushoto.

Mara ya nne.
Inapinda kule chini ya saa ya ukutani,
inarudi, inainamisha bawa moja, nalitazama,
nasogeza kidole, kidogo tu,
bawa linainuka.
Inapita juu ya kichwa changu,
upepo wa pangaboi unanigusa paji la uso.

"Amepita!" napiga kelele. "Amegeuka, amerudi, amepita!"

Nesta anauliza, umesemaje?
Nianzie wapi? Kwamba kwetu ndege ni ndege,
wa manyoya na ya injini, jina moja,
kinachotenga ni herufi ya mbele tu,
na yangu imebadilika bila kuniuliza?
"Nimesema inaruka," namwambia.

Zamu yetu imekwisha, wenye helikopta wanasogea.
Natembea hadi katikati ya mistari ya ukumbi,
nachuchumaa, goti linalia,
namwokota.
Tumboni, penye betri, ana joto.