Muhtasari wa Kikao cha Kwanza

Tulikutana chini ya kanisa la Waukraini, Edmonton,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
watu kumi na tisa, birika moja,
na mezani kikasha cha sindano
ambacho kila mtu alikaa mbali nacho.
Ndizo zilizotoboa pafu la yule seremala.

Mimi nilikuwa mwandishi. Nikaandika:
Ajenda ya kwanza, nani aitwe tabibu.

Mwenye cheti, akasema Bibi Kwok Lai-sheung.
Mzee Seto akacheka kwa meno aliyobakiwa nayo:
"Cheti changu ni magoti ya wachimba makaa.
Yaulizeni kama hayapandi ngazi."
Thibault, aliyesomea Chengdu miaka sita
na bado hulikosea jina la tangawizi,
akataka mtihani uwe wa Kiingereza.
Hapo kikao kikachemka kuliko birika.

Saa nne usiku tungali kwenye ibara ya tatu:
mizani ikaguliwe kila mwaka,
mizizi yenye sumu ifungiwe kabatini,
na mwenye undugu na mshitakiwa,
au aliyekula kwake, au aliyefunzwa naye,
atoke nje.
"Tusiposhikana mikono wenyewe," akasema Kwok,
"serikali itatushika shingo."
Mikono ikainuka. Kumi na minne.
Wa Seto ulikuwa wa kwanza.

Mganga hajigangi, watu husema.
Tukachanga dola ishirini ishirini
tununue mhuri.

Machi, theluji ikigeuka tope,
ikaja barua ya malalamiko, ya kwanza kabisa.
Mama mmoja, moyo umemwenda mbio usiku kucha;
gramu tisa za mahuang
zilikuwa kumi na nne.
Duka: la Seto Gim-wah.

Alikuja mwenyewe, hakuitwa mara mbili.
Mizani ameifunga kwa gazeti,
kama mtu abebaye samaki.
Akaiweka mbele yao, akaifungua pole pole.
Ile ile niliyoisimamia juu ya kigoda
nikiwa na miaka tisa,
alipokuwa akinishika vidole vitatu
na kuniwekea juu ya mshipa wa mkono wake:
sikiliza, usihesabu. Sikiliza kwanza.

Hakunitazama.
Nikafunika kalamu, nikaandika kwanza mstari mmoja:
Mwandishi ametoka nje, kwa mujibu wa ibara ya tatu.

Ukumbini palikuwa na viti vya harusi vilivyopangwa
na harufu ya kabichi.
Nilisimama nimejishika kifundo cha mkono.

Ukurasa unaofuata una mwandiko wa mtu mwingine.