Chujio

Lubor alifika Ostrava na masanduku mawili
na ndoo iliyofunikwa kwa mfuniko wa sufuria.
Ndani ya ndoo, dume lenye milia,
lile ambalo wauzaji huliita Mfungwa.
"Nyumba nimeiuza," alisema. "Huyu hakuuzika."

Mimi nilikuwa na wangu tayari,
miaka sita peke yake, lita mia mbili na hamsini,
na pango alilolichimba chini ya kigae
akizoa changarawe kwa mdomo, punje baada ya punje,
kama mtu anayehesabu akiba.

Tulimmimina mgeni Alhamisi jioni.
Hatukuwahi hata kukausha mikono.

Wangu alitoka mashavu yamefura,
mapezi wima, akamkunja,
mdomo kwa mdomo wakazunguka
kama funguo mbili zinazogombea kufuli moja.
Magamba yakaelea juu mithili ya kucha zilizokatwa.

"Mfunze adabu samaki wako," ndugu yangu akaniambia
akiwa amekaa kwenye kiti changu,
kile cha kando ya hita,
kilichobonyea kwa umbo la mgongo wangu.
Sikumjibu. Nilihesabu magamba.

Dawa zake nazijua. Zima taa.
Hamisha mawe yote, vunja chungu cha maua,
zika vigae upande usiotarajiwa,
ili kila mmoja aamke ugenini
asijue mpaka wake wa jana ulipita wapi.
Usiku ule niliinama majini mpaka kwapani
nikibomoa mtaa nilioujenga mwenyewe.

Asubuhi wangu alikuwa ameshapima upya kila kitu,
na chote kilikuwa chake.

Tukaongeza vijisamaki kumi na viwili, vya rangi ya fedha, vyenye mbio,
hasira igawanywe mafungu, asiwepo mmoja wa kuilipa yote.
Siku mbili iligawanyika.
Ya tatu ikamrudia mwenyewe:
mgeni amejibanza nyuma ya pampu,
mkia umechanika kama tiketi iliyotumika.

Ndipo Lubor akafungua kabati, akatoa chujio la tambi,
lile la marehemu mama, jekundu, la plastiki,
akaninyooshea bila neno.

Unajua nani huingia kwenye chujio?
Si aliyepigwa. Ukimtenga aliyepigwa
umemkabidhi mpigaji nyumba nzima pamoja na hati.
Huingia mkorofi.
Na mkorofi alikuwa wangu.

Nilimchota. Nikalining'iniza chujio ukingoni
kwa vibanio viwili vya nguo,
maji yapite, yeye asipite.
Siku nne alichungulia matunduni
huku mwenzake akiingia pangoni, akitoka, akiingia,
kama mpangaji asiyeamini ufunguo.

Siku nne hizo nami nililala kwenye kochi,
maana kitanda ni kimoja na mgongo wa Lubor ni mbovu,
hivyo asemavyo.
Miaka kumi na mmoja hatukusemeshana
kwa ajili ya bustani ya baba, nje ya Opava:
mita tatu za uzio, miti miwili ya plamu.
Mmoja ulikuwa umekauka tangu mwanzo.

Jumanne nilimwachia.
Alikwenda moja kwa moja pangoni, akakuta uso mlangoni.
Wakafura. Wakasimama. Hakuna aliyeanza.
Sijui wangeishia wapi,
maana Lubor alitumbukiza mkono kunyoosha jiwe
na wote wawili wakamrukia.

"Wananiuma! Otakar! Wananiuma wote!"
Mkono hakuutoa.
Alikuwa amepiga magoti sakafuni, shati limelowa,
uso umekaribia kioo kama mtoto dukani,
na wale wafungwa wawili, bega kwa bega,
wakimng'ata vidole kwa zamu.

Nilikimbia na taulo kutoka jikoni.
Nilipomaliza kucheka nilijitupa kitini,
kwani kilikuwa wazi.

Kimebonyea mahali pengine siku hizi.
Nilijisogeza. Nikajisogeza tena.
Chujio bado liko ukingoni, na vibanio vyake.