Ngeli ya Kamongo

Nilimnunua Nyendo, asubuhi ya Jumanne,
kamongo wa urefu wa mkono.
Mchuuzi akamfunga katika gunia la sukari,
nikampakia nyuma ya baiskeli
hadi maabara ya shule, Masaka,
penye meza nne, sinki lisilo na maji,
na chati ya viumbe niliyokuja nayo kutoka ng'ambo ya Mutukula.

Kidato cha pili wakakariri:
himaya, faila, ngeli, oda,
familia, jenasi, spishi,
sauti arobaini na moja kama mvua juu ya bati.
Huyu aingie wapi?
"Samaki!"
Vema, nikasema,
nikamkabidhi Namubiru wembe.

Akauweka mezani.
"Siwezi, mwalimu. Mimi ni wa Mamba."
Darasa halikucheka. Hapo nikatambua
mgeni chumbani ni mimi peke yangu.
Mamba, kwa Kiganda, si yule wa meno mtoni;
ni huyu huyu mtelezi wa guniani,
na walio wa ukoo wake hawamli,
hawamchinji, hawaoani wao kwa wao.

Nilikasirika. Niseme kweli: nilikasirika
kama mtu aliyelipa pesa yake.
Nikachora ubaoni kromosomu arobaini na sita,
ishirini na tatu za baba, ishirini na tatu za mama.
"Mama yako ukoo gani?"
"Senene."
"Basi nusu ya maandishi yako yametoka kwa panzi,
na rejista ya ukoo haina safu ya mama.
Seli haisomi majina, Namubiru."
Akanakili yote, kwa mwandiko safi.
Wembe hakuugusa.
Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Usiku nikarudi na taa, nione kama amekufa.
Ndani ya beseni, maji ya vidole viwili,
akainua pua, akameza hewa,
fyoo, kama mtu anayeonja uji wa moto.
Ana mapafu. Nilijua. Nilifundisha hivyo kila mwaka:
kiangazi hujichimbia topeni,
hujishonea kanzu ya ute, husubiri mvua.
Nilijua kama mtu anavyojua namba ya nyumba
asiyowahi kuibishia hodi.

Nikainua taa kwenye chati.
Tawi la sangara, la sato, la fulu wa Nabugabo
linakwenda kushoto, linachanua mapezi.
La kamongo haliendi nao.
Limechipuka upande huu,
upande wa vyura, kenge, popo,
kuku wa mpishi,
na mimi niliyeshika taa.
Sangara alikwisha kushika njia yake
wakati babu wa kamongo na babu yetu
angali mmoja, zamani zisizo na kalenda.
Chati ilikuwa imening'inia pale miaka sita.

Tena lugha yangu mwenyewe:
samaki anakuja, mtu anakuja,
wanapumua, wanakufa.
Ngeli moja, tangu nilipojua kusema.
Ulimi ulikwisha kuungama;
kichwa ndicho kilichochelewa.

Asubuhi nikawaambia.
Mvulana wa ukoo wa Tumbili akanyoosha kidole:
"Sisi je, mwalimu? Si karibu zaidi?"
Karibu zaidi, nikakiri. Akaketi kwa maringo.
Namubiru akauliza polepole:
"Mwalimu, wewe umewahi kumla?"
Nikaufuta ubao
uliokuwa umekwisha kufutwa.

Tulimrudisha kinamasini bila sherehe.
Mpishi alinuna juma zima.

Mtihani wa muhula, swali la tisa:
kamongo ni wa kundi gani?
Aliandika: samaki.
Nikampa alama yake moja.
Pembeni, kwa penseli, hafifu kama pezi,
palikuwa na maneno ambayo sikuyasahihisha:
*upande wa baba*.