Njia ya Mwongo

Dukani kwa Tilen, mjini Mežica, mwezi wa tatu,
theluji chafu ingali imelundikana mlangoni,
vifaa vitatu vimelazwa juu ya kitambaa cheusi
kama meno yaliyong'olewa.

Cha kwanza kina kioo kipana, rangi zote za dunia,
bei yake nusu ya mshahara wangu wa posta.
"Gusa," anasema Tilen. Nagusa. Kinatii.
Navaa glavu zangu za kuendeshea, nagusa tena:
kimya,
kama mimi dirishani pangu ikibaki dakika moja kufunga.

Cha pili chepesi, hakina ramani tumboni,
kina mshale tu, na uzi mwembamba wa kufuata.
Nikiuacha uzi kitapiga kelele,
ila hakitaniambia kushoto kuna nini, bonde au genge.
Mshale usiojua genge
nitaufunga kwenye usukani wa nini?

Cha tatu kinene, sura mbaya, vitufe vitano vya mpira,
betri mbili za kawaida, zile za tochi,
zinazopatikana hata kwa mwuza mikate.
Kiliniponyoka, kikadunda sakafuni,
kikaendelea kutafuta setilaiti zake
bila kinyongo.
Nikakilipia.

Ramani ndizo zilizoninyima usingizi.

Ile ya serikali, kontua zake zimechanwa vizuri
kama nywele za mtoto siku ya picha ya shule,
lakini ilipimwa mgodi wa risasi ukiwa hai bado:
inaonyesha reli ya vitoroli
mahali ambapo leo ni miiba, na miiba haina stesheni.

Ile ya bure, ya watu wanaojitolea,
imejaa makosa ya tahajia na ukarimu:
"hapa mti umelala, beba baiskeli";
"bomba linavuja, maji matamu".
Mmoja kaandika "mbwa".
Basi. Hakueleza.

Nikazipakia zote mbili.

Jumapili moja ya Aprili, ubavuni mwa Peca,
nikisukuma pedali kwa mapafu ya miaka hamsini na mitatu,
ramani zangu zikagombana penye njia panda.
Ya serikali: zunguka, kilomita sita.
Ya bure: nukta nukta kupitia malishoni, mita mia nane.
Njia ya mwongo ni fupi. Najua.
Nikaifuata kwa kuwa ni fupi.

Nukta zikaishia kwenye lango la mbao.
Nyuma ya lango, mbwa.
Nyuma ya mbwa, mwanamke na ndoo ya maziwa ya ndama,
na uso wa mtu aliyekwisha kuwaona wengi kama mimi.

"Nani kakwambia hapa pana njia?"

Nikafungua kifaa, nikamnyoshea, kama mtoto anayekabidhi kisu.
Akakisogeza mbali, akakileta karibu,
akasoma jina la malisho yake
kwa sauti iliyozidi kupanda.
"Kogelnik? *Kogelnik?*
Babu yao aliyapoteza haya kwenye karata,
usiku mmoja, akiwa hata hajalewa!
Hapa ni kwa Terezija Vauh. Ve, a, u, ha."

Kuhusu mimi kukanyaga majani yake, hakusema neno.
"Pita. Lango ulifunge.
Na huyo aliyeandika hivyo, mwambie."

Sikujua nimwambie nani.
Usiku nikatoa betri mbili, nikaziweka kando ya sahani,
nikawasha kompyuta na kutafuta zile nukta.
Nikafuta Kogelnik, herufi baada ya herufi.
Nikaandika Vauh.
Penye lango nikaongeza: lifungwe.
Kisha nikarudi kwenye lile neno moja, "mbwa",
nikaliongezea, kwa ajili ya atakayekuja akihema:
*anaitwa Piki, hupoa kwa ganda la jibini.*