Ulijua Lini

Wakili wa kampuni alikuwa na mafua.
Aliomba radhi, akapenga kamasi, akauliza tena:
Bibi Lahtela, ulijua lini?

Duluth, mwezi wa pili. Ziwa limeganda hadi ukingoni mwa bandari,
na chumba hiki cha ghorofa ya nne kina joto la tanuri.
Binti mmoja anapiga chapa kila ninachosema,
nadhani hata kikohozi, hata kunyamaza.

Maana sheria, alinieleza Bi. Skogmo, wakili wetu,
haianzi kuhesabu siku ulipoumia.
Inaanza siku ulipojua,
au ulipopaswa kujua.
Muda ukiisha, mlango umefungwa,
uwe na mguu wa kuwaonyesha, usiwe nao.

Kidonge kilikuwa cha manjano, umbo la mbegu ya boga.
Reino alikimeza kwa maziwa kabla ya kufunga kamba za viatu.
Sukari ikashuka. Daktari akatupongeza.
Kwenye televisheni wazee kama sisi walipiga makasia wakicheka
na sauti laini, ya haraka, ikayataja madhara
kama mdeni anayetaja deni akiwa ameshafika mlangoni.

Kikaratasi cha ndani ya boksi sikukisoma.
Herufi zake mayai ya chawa.
Nilikikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.
Bi. Skogmo alipiga magoti akakichomoa kwa kibanio:
toleo la kwanza, hakuna neno kuhusu vidole.
Toleo la pili ndilo lililosema. Tulikuwa tumeshakata vitatu.
Meza yetu bado inayumba.

Na kalenda ya jikoni, ile ya benki, yenye picha za bata,
nayo wakaichukua. Wakaisoma kwa sauti.

*Machi 9. Theluji. Mayai. R. asema kiatu kinabana.*
*Machi 14. Si kiatu.*
*Aprili 2. Kidole kidogo rangi ya zambarau. Nimeosha madirisha.*
*Aprili 3. Hakusema nami.*

Hakusema nawe kwa nini, Bibi Lahtela?

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, kielelezo namba kumi na saba.

Hapa Aprili 2 umeandika zambarau. Si ndipo ulipojua?
Nikamjibu: Niliijua rangi.
Sababu sikuijua.
Binti akapiga chapa. Wakili akapenga kamasi.

Walilipa, mwaka uliofuata, bila kukiri lolote.
Theluthi ya Bi. Skogmo, fungu la bima, kilichobaki chetu.
Kiasi siwezi kukitaja, nimetia sahihi.
Naweza kutaja reli ya mbao kutoka mlango wa nyuma hadi sauna,
hatua kumi na nane, mierezi mitupu.
Fundi alisema hajawahi kulipwa kabla ya kuanza kazi.

Lakini jioni ile, baada ya kiapo,
tulikaa ndani ya gari tukingoja kioo kiyeyuke barafu.
Reino alitazama gati la chuma alikofanya kazi miaka thelathini,
akasimama juu ya maji kwa miguu yake yote miwili.
Akasema, bila kunigeukia:
Tangu Januari nilikuwa sikisikii.
Nini?
Kidole. Nilikichoma kwa sindano yako ya kushonea. Hakikuwepo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema.
Huyu alimficha mkewe,
na mkewe ametoka kuapa mbele ya watu sita
kwamba ukweli wote ni huu.

Kioo kikafunguka kidogo, ukubwa wa sahani.
Kikatosha kuendesha.

Nyumbani nikachukua kalenda mpya, hii ya duka la rangi.
Nikafungua kalamu. Nikaandika:
*Theluji. Mayai yamekwisha.*